Nani Alale Juu

Siku hizi kila mtu anataka nyumba yenye ngazi. Wajukuu zangu wananiletea picha kwenye simu zao: "Bibi, ona hii. Ukifungua mlango unakuta ngazi za kupanda huku na za kushuka huku. Nyumba ya kisasa!" Ya kisasa! Nikawaambia hiyo ya kisasa nimekulia ndani yake, hapa hapa Njombe, zamani za Mwingereza, wakati baba zenu hawajafikiriwa. Wakacheka, wakidhani bibi anatia chumvi. Mmoja akaniuliza, haya bibi, faida yake ni nini na hasara yake ni nini? Nikasema kaeni chini niwaambie. Wapi! Walikuwa na haraka zao, wakaondoka na simu zao. Basi naandika, atakayesoma na asome.

Baba yangu alikuwa seremala. Kabla sijapata akili aliitwa kwenye mashamba ya miti ya miwati kumalizia nyumba ya mzungu mmoja aliyekuwa msimamizi huko. Nyumba ilikuwa imejengwa kwenye mteremko. Mlango wake mkubwa ulikuwa katikati, si juu wala si chini. Ukiingia unasimama kwenye kijisehemu kidogo, halafu unaamua: upande ngazi chache uende sebuleni na vyumbani, au ushuke ngazi chache uende jikoni na stoo. Sehemu ya chini ilikuwa imechimbiwa ndani ya mlima, na ukuta wake wa nyuma uliegemea udongo. Baba alipiga mbao za sakafu ya juu na kuezeka. Nyumba ile aliipenda mno. Alirudi nyumbani anaichora chini kwa kijiti, anamwonyesha mama wapi pa kupikia na wapi pa kulala.

Kiwanja chetu kilikuwa na mteremko mkali, na majirani walikuwa wakimcheka. Wao walichimba mlima mpaka wakapata pa kutandaza nyumba. Baba akasema yeye hagombani na mlima. Alichoma matofali mwenyewe, akapasua mbao mwenyewe na rafiki yake mmoja, akatafuta mabati kidogo kidogo. Ilimchukua miaka. Ilipokwisha, watu walikuja kuiangalia, wengine kutoka mbali kama Kichiwa. Mgeni akiingia alisimama pale katikati ameshika kofia, hajui apande au ashuke, na mama alikuwa akimwachia kidogo ahangaike kabla ya kumwita. "Panda, mgeni, panda! Huko chini tunakula na viazi." Mama alikuwa mcheshi. Nataka hilo lijulikane mapema, maana huko mbele hatakuwa na nafasi kubwa ya kucheka.

Faida zilikuwepo, nisiwe mchoyo wa kusema kweli. Tulilala juu wote watatu, mimi nikiwa mtoto wao wa pekee. Moto ulikuwa chini, na joto lake lilipita kwenye mbao likatufikia miguuni. Mwezi wa sita, wakati umande umeganda mweupe majanini na watoto wa wenzetu wanakwenda shule wamekunja vidole, mimi nilikuwa nimevaa gauni langu juu ya sakafu yenye vuguvugu. Moshi nao ulipanda mpaka darini ukakausha mahindi, hakuna dumuzi aliyethubutu. Viazi vilikaa stoo kule chini miezi na miezi bila kuchipua. Na dirishani juu ulimwona mgeni tangu yuko ng'ambo ya kijito, mama akapata wakati wa kuinjika chungu. Kwa hiyo wanaosema nyumba ya hivyo haina faida, waongo. Ina faida, ila uitumie ilivyokusudiwa.

Halafu babu akaja.

Babu, baba yake baba, alikuwa akikaa peke yake Kifanya tangu bibi afariki. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba na kibanda chake kiliangushwa na mvua. Baba akaenda kumchukua. Majirani walimwambia mjengee mzee kibanda chake hapo uwanjani, kama wanavyofanya watu wote. Baba akakataa katakata. Kwa nyumba ile aliyoijenga, baba yake mzazi alale kwenye kibanda cha nyasi kama mlinzi? Haiwezekani. Alisema neno hilo mbele za watu, na baba akishasema neno mbele za watu hulirudishi tena mdomoni mwake.

Hapa lazima nieleze kitu, maana vijana wa sasa wanakumbatiana na wakwe zao. Kwetu sisi, mkamwana na baba mkwe wake walikuwa hawatazamani usoni. Mkamwana hakupokea kitu mkononi mwa mkwewe, hakulitaja jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia majanini mpaka mzee apite. Na moja lililozidi yote: mwanamke asipite juu ya kichwa cha mkwewe. Asiruke mkeka wake, asikae kitini mzee akiwa amekaa chini. Waliopanga mambo hayo walikuwa wakiishi katika nyumba za udongo, zote chini kwa chini. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kuna siku mtu atajenga chumba juu ya chumba. Na baba, pamoja na akili zake zote za useremala, naye hakuliwaza.

Mama aliliwaza palepale. Babu hajavuliwa hata blanketi la safari, mama alikwisha kupanda, akakunja matandiko yake na yangu, akashuka nayo stoo. Baba akamfuata.

"Unafanya nini?"

"Baba atalala juu."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala wapi, mume wangu, kama si chini ya miguu yake? Au unataka niwe natembea juu ya kichwa cha mzazi wako?"

Baba akakuna kidevu. Vyumba vya juu vilikuwa viwili tu, mlango ukitazamana na mlango, na ushoroba mwembamba katikati. Mkamwana na mkwe hawawezi kulala hivyo, huyu akigeuka kitandani yule anasikia. Kwa hiyo babu akapewa chumba chenye jua, baba akabaki chumba cha pili amsikilize mzee, na mimi na mama tukahamia stoo pamoja na viazi. Nilidhani ni mchezo. Mama alinitandikia kwenye magunia, akaniambia sasa sisi ni wenye shamba, tunalala na mazao yetu.

Kuingia na kutoka kulitaka utaratibu, kwa sababu mlango mkubwa ulikuwa mmoja, na pale katikati wangeweza kukutana uso kwa uso. Kijimlango cha kupitishia kuni kule chini kilikuwepo, lakini kilitokea kwenye mteremko mkali, na mtu mzima alitoka kwa kutambaa. Wakajiwekea desturi. Babu akitaka kwenda nje alikuwa anagonga fimbo sakafuni, mama anageukia ukutani mpaka asikie mlango umefungwa. Mama akitaka kupita alikuwa anakohoa pale kwenye ngazi, babu anabaki chumbani mwake. Hawakukubaliana kwa maneno, maana walikuwa hawasemeshani, lakini kila mmoja alimwelewa mwenzake. Na walipendana, jamani. Babu hakula ugali wa mtu mwingine. Mama alimchagulia mboga laini, akaniambia peleka kabla haijapoa, na nikishuka na sahani tupu aliitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi.

Mvua za kwanza zilipoanza, ukuta wa nyuma ukatoa jasho. Mama akaufuta kwa tambara. Baada ya siku kadhaa haikuwa jasho tena, yalikuwa maji, yanashuka taratibu kwenye matofali na kukaa sakafuni. Baba akasiliba saruji. Maji yakatafuta pengine. Akachimba mtaro nje, maji yakaupita kwa chini. Siku moja akafunga safari kwenda kumwuliza mwashi aliyejenga kuta za ile nyumba ya mzungu. Akarudi jioni, akakaa kwenye ngazi za katikati na koti lake lililolowa, hapandi, hashuki.

"Kumbe nyuma ya ukuta ule wamejaza mawe," akasema. "Mawe na mabomba ya kutolea maji, kabla hawajarudishia udongo. Mimi niliitwa kupiga mbao, nikakuta wameshafukia."

Alikuwa ameiga alichokiona, na hicho hakukiona. Mama akamwambia, "Si neno, kiangazi utachimba." Baba hakungoja kiangazi, alijaribu kuchimba kesho yake. Udongo ukaporomoka ukamfunika mpaka magotini na nyumba nzima ikatikisika. Majirani wakamkataza. Akaacha.

Mama alianza kukohoa katikati ya masika. Mwanzoni tulimtania, maana kukohoa ndiyo ilikuwa alama yake ya kupita. Halafu ikawa anakohoa akiwa jikoni, anakohoa akichambua mboga, anakohoa amelala. Na juu kule babu alikuwa hatoki chumbani. Nilipompelekea uji nilimkuta ameshika fimbo, amevaa koti, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama yako amekwisha kupita?"

"Hapiti, babu. Anakohoa tu."

Alikuwa anataka kwenda haja tangu jua linachomoza, na kila akiinuka anasikia kikohozi, anakaa tena. Mzee mzima, machozi yanamlengalenga. Nikamshika mkono nikamtoa. Tangu hapo nikawa mimi ndiye wa kupanda na kushuka kusema hiki ni kikohozi cha kupita na hiki ni kikohozi cha ugonjwa. Nilichoka. Niliichukia nyumba ile kwa moyo wangu wote, na nilimchukia kila mgeni aliyeingia akasema, ah, nyumba nzuri hii.

Baba akampeleka mama zahanati ya misheni. Mganga akamsikiliza kifuani mbele na nyuma, akamtazama baba. "Huyu mama anataka mahali pakavu pa kulala," akasema. "Dawa nitampa. Lakini dawa hailali naye."

Baba akafanya la maana, tukapanda lori la mbao mimi na mama kwenda Makambako kwa dada yake, mama mkubwa wangu. Makambako upepo unavuma kutwa, unakupokonya khanga kichwani, lakini ni upepo mkavu. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa ya udongo, tambarare, vyumba viwili vimekaa chini kama watu wenye adabu. Mama alianikwa mlangoni juani kila siku. Kikohozi kikapungua, akaanza kula, akaanza tena maneno yake ya kuchekesha juu ya madereva wa malori waliokuwa wakipita njia panda. Nikajua atapona. Kwa kweli nilijua.

Halafu akapita mtu wa nyumbani akasema babu hali chakula. Baba alikuwa anampikia, na ugali wa baba ulikuwa unaweza kujengea. Mzee amedhoofu, anasema hana njaa. Alfajiri nilimkuta anafunga mzigo.

Mama mkubwa alimsimamia mlangoni. Huyu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Unakwenda wapi wewe? Umepata nafuu juzi tu! Huko unakwenda kufanya nini, kulala na maji?"

"Mkwe wangu hali."

"Asile! Kwani huyo mumeo hana mikono?"

"Dada, nitaitwa mwanamke gani, niliyemwacha mzee wa watu afe na njaa mimi nimekaa najipasha jua kwetu?"

"Utaitwa mwanamke mzima wa afya!"

Mama akacheka, akampita pembeni. Tukapanda lori. Mvua ilitukuta kabla hatujafika nusu ya njia.

Babu alianza kula siku ileile. Mama alianza kukohoa baada ya siku chache. Baba akawa anamsihi jikoni, kwa sauti ya chini: panda wewe, mzee nimshushe mimi, atakaa karibu na moto, yeye ana mablanketi. Mama anakataa. Baba akamwambia mchungaji amehubiri kwamba mambo hayo hayamo kwenye Biblia. Mama alikuwa Mkristo, tena wa kwaya, hakosi ibada hata mvua inyeshe mawe. Lakini hapo alikuwa na jibu.

"Mchungaji mkwewe yuko Kidugala. Hawalali nyumba moja. Mwambie aje na mkwewe wakae humu, halafu ahubiri tena."

"Nitakubeba nikupandishe kwa nguvu."

"Nibebe. Nitatambaa nirudi."

Baba akapiga ngumi ukutani, ukuta ukamrushia maji. Nilikuwepo. Hakuna aliyecheka.

Mama mkubwa hakuweza kutulia huko Makambako. Alikuja bila kuitwa, miguu imejaa tope mpaka magotini, akashuka stoo. Alilishika blanketi la mama, akalinusa. Lilikuwa limeota ukungu wa kijani upande wa ukutani. Akaona sakafu, akaona magunia tuliyokuwa tumeinua juu ya matofali, akamwona mdogo wake macho yameingia ndani. Akalipuka.

"Ebo! Mzee amekaa juu kule mkavu kama mahindi ya mbegu, anapigwa jua dirishani, na mdogo wangu anaoza huku chini na viazi! Anangoja nini? Amekwisha kula chumvi ya kutosha. Si aende akapumzike na wenzake, watu wapate pa kulala!"

Mama alimziba mdomo kwa kiganja. Amechelewa. Hiyo ndiyo hasara nyingine ya nyumba ile ambayo sijaitaja: lililosemwa chini lilisikika juu neno kwa neno, kupitia mbao zilezile zilizopitisha joto. Tukasikiliza. Kisha tukasikia kitanda cha babu kinalia, kama mtu aliyelala akigeuka kutazama ukuta. Mama mkubwa alijifunika uso na khanga. Mama akamwambia, "Umeniua, dada," na akaanza kulia.

Asubuhi yake fimbo ikagonga. Mama akageukia ukutani kama kawaida, akingoja kusikia mlango. Mlango haukufunguliwa. Tukasikia kitu kinaburuta ngazi ya kwanza, kinatulia, ngazi ya pili, kinatulia. Babu alikuwa anashuka kwa kukalia, miguu haikuweza tena. Baba alikuwa ametoka kutafuta kazi. Nikakimbia nikamshika. Hakutaka nje, alitaka chini. Akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu na meko, anahema.

Mama alikuwa chumba cha stoo, mlango wazi, mgongo umemwelekea. Babu hakumtazama. Akanitazama mimi.

"Mwambie mama yako apande juu. Mimi nimehamia hapa."

Nikasimama kati ya milango miwili. "Mama, babu anasema upande juu."

"Mwambie babu yako nimeshukuru sana. Sitapanda."

"Babu, anasema ameshukuru. Hatapanda."

"Mwambie mimi ndiye niliyesema. Si yeye aliyekosa."

"Mama..."

"Nimesikia. Mwambie babu yako, hata akisema yeye, miguu yangu haitakwenda."

Walikuwa wanasikiana wazi kabisa. Mimi nilikuwa katikati. Ndipo babu akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akaniacha mimi, akauelekeza uso wake mlangoni mwa stoo, akasema mwenyewe:

"Mwanangu."

Mama akajikunja kana kwamba amepigwa. Akajifunika kichwa chote.

"Mwanangu, nakuomba. Mimi nimeishi. Panda."

Mama akajibu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kutoka ndani ya khanga yake: "Baba, niombe lingine lolote. Lolote nitafanya."

Akachochea moto kwa ncha ya fimbo. "Haya," akasema. "Basi na mimi sipandi."

Na kweli hakupanda tena. Baba alirudi akawakuta hivyo, akabembeleza huku, akabembeleza kule, akakasirika, akatoka nje akasimama mvuani. Babu alilala jikoni, kwenye mkeka kando ya meko. Mama alilala stoo, upande wa pili wa ukuta. Na juu, kwenye mbao kavu, palikuwa na viti vya sebuleni, vitanda viwili vimetandikwa, na mahindi. Nyumba ambayo baba alitumia miaka kuijenga, nusu yake nzuri ilikaa tupu. Mimi nilipanda siku moja kufungua dirisha, jua la dakika chache likaingia, likalala kwenye kitanda cha babu. Nilikaa pale nikalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na wote, na mama zaidi.

Mama mkubwa alitaka kumrudisha Makambako, lakini barabara ilikuwa tope tupu na malori yalikuwa yamekwama. Akasema tumbebe kwa machela. Wanaume wakakubali, wakasema tungojee mvua ipungue kidogo. Haikupungua.

Babu ndiye aliyejua kwanza. Ilikuwa asubuhi, mimi nilikuwa napuliza moto, yeye amekaa kwenye kigoda chake ameinamisha kichwa upande wa stoo. Akaninyooshea mkono ninyamaze. "Sisikii kitu," akasema. Mimi nikafurahi, nikamwambia amelala, babu, leo amelala vizuri. Akatikisa kichwa. "Nenda kamwite baba yako."

Watu walijaa. Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na chini maji yamesimama, wazee wa ukoo wakasema maiti ipandishwe sebuleni, mchungaji asalie hapo, watu wapate pa kukaa. Wakaleta jeneza ambalo baba alilipiga mwenyewe kwa mbao zilizobaki za sakafu. Mama mkubwa alipowaona wanaume wanamwinua mdogo wake kuelekea ngazini, alipiga kelele ambayo naisikia mpaka leo: "Sasa ndiyo mnampandisha! Sasa!"

Mzee mmoja akawasimamisha wabebaji pale katikati, akakumbuka. Akashuka jikoni kwa adabu, akamwambia babu kwamba tutakutoa kwanza, mzee, tukuweke kwa jirani, halafu ndipo marehemu apandishwe, isije ikawa anapitishwa juu yako. Vijana wawili walikuwa tayari kumbeba.

Babu akawazuia kwa fimbo.

"Mpandisheni," akasema. "Mimi nakaa hapa."

"Lakini mzee, mila..."

"Mpandisheni, nimesema. Alale juu yangu."

Wakatazamana. Wakampandisha mama, tukasikia miguu yao kwenye ngazi, halafu juu ya vichwa vyetu, nzito, wanatafuta pa kuliweka jeneza. Kisha viti vikasogezwa, na wimbo ukaanza. Wote walikuwa juu. Jikoni tulibaki mimi na babu, maana mimi nilikuwa nimekataa kwenda.

Babu akatazama dari. "Wamemlaza upande gani?"

Nikasikiliza, nikamwonyesha kwa kidole: pale, karibu na dirisha, juu ya mtungi wa maji. Akainuka kwa kushikilia ukuta. Nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono. Akakiburuta kigoda chake sakafuni, kwenye maji, mpaka pale nilipoonyesha. Akanitazama kuuliza kama ndipo. Nikamwambia bado kidogo. Akasogea kidogo. Nikasema hapo.

Akavua kofia yake, akakaa chini ya mama. Watu walikuwa wanapita huku na huku juu, wanazunguka jeneza kuaga, na kila walipokanyaga, vumbi lilidondoka kwenye nyufa za mbao likamwangukia kwenye mvi. Hakujipangusa. Alikaa hivyo mpaka walipokuja kumchukua mama kwenda kumzika.